Jinsi ya kuchagua taa ya betri ya kutumia umeme ukikatika

Muuzaji akitaka kukuuzia taa ya betri huiwasha na kukumulika usoni. Inawaka kweli, lakini karibu kila taa mpya inawaka. Swali ambalo haliwezi kujibiwa pale kaunta ni kama baada ya saa nne za giza taa hiyo itakuwa bado inatoa mwanga wa kupikia, au itakuwa imebakiza mwanga wa kukuonyesha tu mahali ilipo. Jibu limo ndani ya betri, na betri ndiyo inayofichwa au kupambwa kuliko kitu kingine chochote kwenye boksi. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye betri, na mengine tutayapita haraka.

Nazungumzia taa ya kuweka mezani au kutundika, inayomulika pande zote. Tochi ni kitu kingine: ukiilaza mezani inaangaza ukuta na kuacha sufuria gizani.

Hatua ya 1: Lijue giza lako

Kabla ya kuangalia taa yoyote, jiulize umeme wako hukatikaje. Kuna umeme unaokatika mara kwa mara na kurudi baada ya saa mbili tatu. Kuna mwingine unaokatika mara chache, lakini ukikatika, labda kwa dhoruba au nguzo kuanguka, hukaa siku mbili au zaidi. Hali hizi mbili hazitaki taa moja.

Katika hali ya kwanza, taa ya kuchaji yenye betri yake ndani ndiyo inayofaa. Leo inatumika, umeme ukirudi inachajiwa, kesho iko tayari, na hakuna kingine cha kununua. Katika hali ya pili taa hiyohiyo itakuangusha usiku wa pili, maana chaji yake inatoka kwenye umeme uleule ambao haupo. Hapo taa ya betri kavu, pamoja na pakiti ya akiba kwenye droo, ina faida zaidi, kwa sababu betri nzuri za alkalaini hukaa miaka kadhaa ndani ya pakiti bila kupoteza nguvu nyingi. Nyumba inayopatwa na yote mawili itafute taa inayokubali chaji na betri kavu, au inunue mbili za aina tofauti. Mimi ningenunua mbili. Zinagawanywa vyumba viwili, na moja ikizima hamkai gizani.

Kisha zihesabu kazi zitakazofanyika chini ya mwanga huo: kupika, kula, mtoto kumalizia kazi ya shule, kumhudumia mgonjwa, kwenda chooni usiku. Ukizitazama vizuri utaona nyingi zinahitaji mwanga mdogo kuliko unavyodhani, na ni moja au mbili tu zinazotaka mwanga mwingi.

Hatua ya 2: Soma lumeni

Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni. Wati ni umeme unaoliwa. Idadi ya vitaa vya LED, ambayo huandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote, haisemi lolote, kwani kitaa kimoja kizuri kinaweza kushinda vidogo ishirini.

Ili lumeni zikae kichwani, shika vipimo viwili: mshumaa hutoa lumeni 12 hivi, na balbu ya zamani ya wati 60 hutoa 800 hivi. Mahitaji ya usiku wa giza yako katikati ya hapo. Lumeni 20 hadi 40 zinatosha korido na choo. Lumeni 100 hadi 150 zinatosha watu kula na kuzungumza, au mtu mmoja kusoma taa ikiwa karibu na kitabu. Jikoni penye kisu na moto, au sebuleni ambako kila mtu ana shughuli yake, tafuta 300 hadi 400.

Taa ya lumeni 1,000 inavutia dukani. Nyumbani inachoma macho yaliyozoea giza na kuinywa betri haraka. Kilicho muhimu zaidi ni ngazi za mwanga: tatu au zaidi, au kitufe cha kuzungusha kinachoshusha mwanga polepole hadi chini kabisa. Ngazi ya chini ndiyo utakayoitumia saa nyingi, na ndiyo watengenezaji wengi wanayoisahau. Utakuta taa ambayo ngazi yake "ndogo" bado ni lumeni 150, yaani hakuna namna ya kuiacha ikiwaka karibu na mtoto aliyelala.

Umbali nao ni mwanga. Ukiisogeza taa kutoka mita 2 hadi mita 1 kutoka kwenye daftari, mwanga unaoliangukia unakaribia kuongezeka mara nne bila kutumia hata tone la ziada la chaji. Ndiyo maana taa mbili ndogo zilizowekwa penye kazi mara nyingi huwafaa watu kuliko moja kubwa iliyotundikwa katikati ya chumba.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano. Kuanzia 6,000 ni mweupe unaoelekea bluu, na taa za bei ya chini karibu zote ziko huko. Kwa kukaa jioni nzima, manjano ni mpole zaidi kwa macho.

Hatua ya 3: Ijue betri kabla ya kuisifu taa

Muulize muuzaji, au soma chini ya taa: betri ni ya aina gani, na inaweza kutolewa na kubadilishwa? Kama hakuna anayejua na hapajaandikwa, irudishe rafuni.

Betri ya asidi na risasi. Hii imo kwenye taa nyingi za kuchaji za bei ya chini, zile nzito zenye betri ya volti 4 au 6. Uzito wake huwafanya watu waiamini. Tatizo lake ni kwamba haivumilii kukaa bila chaji: ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, ndani yake hujengeka magamba ya salfeti na uwezo wake hauwezi kurudi wote. Taa kama hii, iliyotumika mara moja ikasahaulika juu ya kabati kwa miezi sita, ndiyo ile inayowaka dakika kumi ukaanza kumlaumu aliyeitengeneza. Ukiinunua, ichaji mara baada ya kila matumizi, na hata kama hujaitumia, kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Betri ya lithiamu. Ni nyepesi, inatunza chaji kwa miezi, na ndiyo ningeichagua kwa matumizi ya mara kwa mara. Iliyoenea ni ya duara yenye jina 18650, maana yake kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Jina hilo likumbuke, kwa sababu taa inayofunguka na kutoa betri ya 18650 inaweza kuishi miaka mingi: betri ikichoka unanunua nyingine. Lakini hapa ndipo penye uongo mkubwa wa biashara hii. Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh, yaani miliampia-saa, na 18650 zilizo bora hufika 3,500 hivi. Ukikuta imeandikwa 6,800 au 9,900, usijisumbue kubishana. Namba hiyo haiingii kwenye umbo hilo. Njia ya haraka ya kuthibitisha ni mzani wa jikoni: betri halisi ina gramu 45 hadi 50. Ikiwa na gramu 30, kuna nafasi tupu au kitu kingine ndani.

Ipo pia lithiamu ya fosfeti ya chuma, yenye volti 3.2. Inabeba nishati kidogo kuliko ile ya kawaida kwa ukubwa uleule, lakini inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi, aghalabu kupita mara 2,000. Ukiikuta kwenye taa, ni dalili nzuri.

Betri kavu za alkalaini. Hapa ukubwa ndio kila kitu. Betri kubwa ya D hubeba takriban mara tano ya ile ndogo ya AA inayotumika kwenye rimoti na saa za ukutani, ilhali taa zao hufanana kwa macho. Taa ya D tatu inaweza kuangaza usiku kadhaa; ya AA tatu, kwa mwanga uleule, inaweza isimalize usiku wa pili. Kwa upande mwingine AA hupatikana karibu kila mahali. Ziko taa zinazowaka hata ukitia betri moja au mbili badala ya zote nne, kwa mwanga mdogo au kwa muda mfupi zaidi, na hilo usiku wa dhiki lina thamani.

Ukitaka kutumia betri za AA za kuchaji za nikeli kwenye taa ya betri kavu, soma maelekezo kwanza. Moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo taa nyingine hufifia mapema au hukataa kuwaka. Zikikubali, nunua zile zinazotunza chaji kwa muda mrefu. Za nikeli za kawaida hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya saa mwenyewe

Boksi likisema "saa 72", hilo ni kwa ngazi ya chini kabisa, na "lumeni 500" za boksi hilohilo ni kwa ngazi ya juu kabisa. Vitu hivyo viwili havitokei pamoja. Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui: kwa kiwango cha vipimo kinachotumika sana, ANSI FL1 cha Marekani, saa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Taa ya lumeni 300 inayotoa 35 bado inahesabiwa kuwa inawaka. Hawajadanganya, ila wewe ulikuwa na picha nyingine kichwani.

Kwa hiyo tumia hesabu hii. Zidisha volti za betri kwa ampia-saa zake (mAh gawanya kwa 1,000), upate wati-saa. Betri ya lithiamu ya volti 3.7 na 2,000 mAh ina wati-saa 7.4. Kisha chukulia kwamba LED nzuri hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Ukitaka lumeni 200, unatumia wati 2. Gawanya 7.4 kwa 2, unapata saa 3 na dakika 40 hivi. Punguza kidogo kwa upotevu wa ndani na kifuniko cha plastiki kinachomeza sehemu ya mwanga: weka saa 3. Ukishuka hadi lumeni 50, taa hiyohiyo inakupa zaidi ya saa 12.

Kwa betri za alkalaini, kadiria wati-saa 3 kwa kila AA na 15 hivi kwa kila D.

Ukishazoea hesabu hii, maneno mengi ya boksi yanaanguka yenyewe. Taa inayodai lumeni 800 kwa saa 20 inahitaji wati 8 mara 20, yaani wati-saa 160. Hizo ni zaidi ya betri 12 za 18650 zilizo bora. Kama taa inaingia kwenye mfuko wa koti, umeshapata jibu.

Hesabu hiyohiyo inafichua habari ya "inachaji simu". Simu nyingi za leo zina betri ya wati-saa 15 hadi 19. Taa ya wati-saa 7.4 haiwezi kuijaza hata nusu, na ikijaribu itakuacha gizani. Kwa kuchaji simu, pawabenki inafaa zaidi, na inaweza pia kufanya kazi ya taa: pawabenki ya 10,000 mAh ina wati-saa 37, na kitaa cha USB cha wati 2 kikichomekwa humo kinaweza kuwaka saa 14 au zaidi. Ila baadhi ya pawabenki hujizima zikiona kifaa kinakula kidogo sana, basi jaribu kabla hujaitegemea.

Hatua ya 5: Angalia namna inavyochajiwa

Taa zenye vyuma viwili vya kuchomoa mgongoni na kuchomeka moja kwa moja ukutani ni rahisi kutumia, lakini nyingi za bei ya chini hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na sakiti ya ndani, wala kitu cha kukata chaji betri ikijaa. Ukiiacha imechomekwa siku tatu, inaipika betri. Na kamwe usiifungue, wala kuigusa kwa mikono yenye maji, ikiwa ukutani.

Tundu la USB ni bora, kwa sababu taa itakubali chaja ya simu, pawabenki, kompyuta au gari. Tundu la aina ya C ndilo la kutafuta sasa. Angalizo moja: baadhi ya taa zenye tundu hilo hazichaji kabisa kwa waya wenye C pande zote mbili, zinataka waya wenye USB ya zamani upande mmoja. Tunza waya uliokuja na taa.

Paneli ya sola iliyobandikwa juu ya taa ni msaada tu. Ya ukubwa wa kiganja ina wati 1 hivi katika jua kali, kwa hiyo saa tano za jua zinakupa chini ya wati-saa 5, tena lazima taa yote ikae juani, na joto ni adui wa betri. Paneli ya pembeni yenye waya, ya wati 3 hadi 5, ni jambo jingine kabisa: paneli inakaa juani, taa kivulini. Mkono wa kuzungusha ili taa ipate chaji, kwa upande wake, unatosha tu kukufikisha mlangoni. Mtu huzalisha wati chache tu kwa mkono, na huchoka haraka.

Zipo pia balbu za kuchaji zinazokaa kwenye holda ya kawaida na kubaki zinawaka umeme ukikatika. Ni nzuri kwa dakika zile za kwanza za giza, ila betri yake ni ndogo na swichi ya ukutani lazima iachwe imewashwa.

Hatua ya 6: Ishike mkononi

Funga macho uiwashe. Kama kitufe hakipatikani kwa vidole, hakitapatikana gizani. Angalia kama unafika ngazi ya chini kwanza au lazima upitie ile ya juu kabisa na mwanga wa kupepesa, maana usiku wa manane tofauti hiyo utaiona. Itundike kwa ndoano yake: inaning'inia imenyooka, na mwanga unashuka chini? Isukume kidogo ikiwa mezani. Yenye kitako chembamba itaanguka mara ya kwanza mtoto anapopita.

Elekeza kamera ya simu kwenye mwanga katika ngazi ya chini. Mistari myeusi minene inayotembea kwenye kioo ni dalili kwamba taa inapepesa kwa kasi, na wapo ambao mwanga huo huwaumiza kichwa. Kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga ni bora kuliko kile kinachokuonyesha vitaa vyenyewe. Kwa maji, alama ya IPX4 inamaanisha taa inavumilia kurushiwa maji. Hiyo inatosha nyumbani.

Kama taa ina rimoti, hakikisha kifuniko cha betri yake kimefungwa kwa skrubu. Betri bapa za duara zikimezwa na mtoto zinaweza kuunguza koo ndani ya saa chache.

Hatua ya 7: Ijaribu ingali na risiti

Usingoje umeme ukatike. Ichaji ijae, zima taa za chumba, iwashe kwa ngazi ya kati na uandike saa. Kila nusu saa, kaa mahali palepale ujaribu kusoma maandishi ya gazeti. Unapofika wakati ambapo huwezi tena, hapo ndipo muda wa taa yako ulipoishia, hata kama inaendelea kuwaka. Linganisha na hesabu yako ya hatua ya 4. Ikiwa imefika theluthi mbili, ni taa nzuri. Ikiwa haijafika nusu, irudishe.

Iguse pia inapowaka kwa ngazi ya juu na inapochaji. Uvuguvugu ni kawaida. Ukilazimika kuondoa mkono, ichomoe na usiichaji tena bila mtu kuwepo.

Hatua ya 8: Itunze tayari

Iweke mahali pamoja pasipobadilika, panapofikika kwa kupapasa, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Ya lithiamu iongezee chaji kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ya betri kavu, toa betri na uzifunge kando yake, kwa sababu alkalaini iliyosahaulika huvuja na majimaji yake hula vyuma vya kushikia betri. Swichi za kugusa nazo hula umeme kidogokidogo hata taa ikiwa imezimwa. Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala aina mbili tofauti, katika taa moja.

Betri ya lithiamu iliyovimba, inayonuka au inayopata moto bila sababu imekwisha kazi. Usiitoboe, usiitupe motoni wala kwenye taka za kawaida. Iweke nje juu ya kitu kisichoungua, kisha ipeleke panapokusanywa betri au vifaa chakavu vya umeme.